Edina na Nyumba ya Kamba

Haya, sogeeni karibu. Leo nina nyumba ya kuwaonyesha. Haina kuta, haina paa, na ukiipuliza inatikisika.

Lakini kwanza mjueni Edina.

Edina alikuwa na miaka sita. Aliishi Njombe, kwenye baridi, katika nyumba ndogo ya udongo kule bondeni.

Nyumba hiyo ilikuwa na watu wanne. Baba, Mama, Bibi na Edina.

Edina alilala kitanda kimoja na Bibi. Blanketi lilikuwa moja. Hadithi zilikuwa nyingi.

Kila asubuhi, magoti ya Bibi yaligoma. Yaligoma kabisa, kama punda katikati ya njia.

"Haya, magoti," Bibi aliyaambia. "Kumekucha. Amkeni."

Magoti yalikaa kimya.

Basi Bibi alitoka nje polepole, na fimbo yake. Ko. Ko. Ko.

Alikaa kando ya ukuta wa mashariki, akaota jua.

Jua lilimpiga magotini. Kidogo kidogo, magoti yakalainika.

Vidole navyo vikalainika. Ndipo Bibi alipochukua milulu, yale majani marefu ya kusukia, akaanza kusuka kikapu.

Edina alikaa pembeni, akimpa jani moja moja. Hapo palikuwa pazuri kuliko mahali pote duniani.

Sasa, Baba alitaka kujenga nyumba mpya.

Alikuwa na kiwanja kule juu mlimani, karibu na barabara. Siku moja alichukua kalenda ya zamani, akaigeuza, akachora nyumba nyuma yake.

"Njooni muone!" aliita. Wote wakaja.

"Hii ni sebule. Hili ni jiko. Hiki ni chumba cha Edina, peke yake. Hiki ni chumba cha Bibi, huku nyuma, karibu na stoo."

Baba akavuta pumzi. "Na hii ni gereji."

"Gereji ni nini?" aliuliza Edina.

"Ni chumba cha gari."

Edina akachungulia dirishani. Aliona kuku. Aliona baiskeli ya Baba. Gari hakuliona.

"Gari gani, Baba?"

"Litakuja," alisema Baba.

Kwenye karatasi, gari lilikuwa limeshakuja. Lilikuwa na taa mbili kama macho. Lilikuwa kubwa kuliko kitanda cha Bibi.

Mama naye akachukua penseli. "Mimi nataka miparachichi. Mstari mzima, hapa mbele. Na maua. Na tangi la maji."

Akachora vyote. Karatasi ikajaa.

Bibi aliitazama ile karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana."

Kisha akainuka, akaenda kuwalisha kuku. Na kuku walikuwa wameshalishwa.

Edina akamfuata.

"Bibi, kuku wameshiba."

"Najua," alisema Bibi. Akakaa juu ya gogo. "Mjukuu wangu, nikwambie kitu?"

"Niambie."

"Mkihama, mimi nitabaki huku."

Edina akafikiri amesikia vibaya. "Ubaki na nani?"

"Na kuku."

"Kwa nini?"

"Huku nina ukuta wangu wa jua. Kule nimewekwa nyuma, karibu na stoo. Huko jua litanifikia jioni, likiwa limechoka. Haya magoti yangu yataamkaje?"

"Mwambie Baba!"

"Aa, hapana. Baba yako ameisubiri nyumba hii miaka mingi. Nisimharibie. Na wewe usimwambie."

Edina hakuitikia. Hakusema ndiyo. Likumbukeni hilo.

"Sasa nani atalala na mimi?" aliuliza.

"Wewe utakuwa na chumba chako."

Edina akasimama. Akapiga mguu chini. Du!

"Sikubali! Sitaki! Sisogei!"

"Pole pole," alisema Bibi. "Usitubomolee nyumba ya zamani kabla mpya haijajengwa."

Lakini Edina alikuwa hatanii.

Akaenda kwa Baba. Baba alikuwa anapaka gari rangi nyekundu, kwenye karatasi.

"Baba, jua la Bibi liko wapi hapa?"

Baba akacheka. "Jua liko juu, mwanangu. Jua halichorwi."

Akaenda kwa Mama. Mama alikuwa anamenya viazi.

"Mama, jua la Bibi liko wapi kwenye nyumba mpya?"

"Muulize baba yako," alisema Mama.

"Nimemuuliza. Amecheka."

"Basi na wewe cheka, tumenye viazi."

Edina alimenya viazi. Hakucheka.

Ijumaa akaja fundi.

Aliitwa Fundi Mbilinyi. Alikuwa mfupi, na penseli ilikaa nyuma ya sikio lake kana kwamba imeota hapo.

"Kamwene!" alisalimia, kama wanavyosalimiana watu wa Njombe.

"Kamwene!" waliitika wote.

Wakapanda naye kiwanjani. Fundi akaitazama kalenda. Akaigeuza huku, akaigeuza kule. Kisha akaanza kazi.

Akapigilia vigingi. Ko! Ko! Ko!

Akavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi. Vuuu!

Akamwaga majivu chini ya kamba. Shaaa!

Jua lilipozama, nyumba nzima ilikuwa imelala pale chini. Sebule ya kamba. Jiko la kamba. Gereji ya kamba. Kuta zilimfikia Edina magotini.

"Kesho tunachimba msingi!" alisema Baba, akisugua mikono.

"Kesho hatuchimbi," alisema Fundi Mbilinyi. "Kesho mnaishi humu."

"Humu wapi?"

"Humu ndani ya kamba. Mje kabla jua halijatoka. Mje na chai, mje na mikeka. Mkae humu kutwa nzima. Mimi sichimbi msingi mpaka wenye nyumba wamekaa ndani ya kamba siku moja."

Baba akamtazama. "Fundi, watu watatucheka."

"Wacheke. Nikishachimba, mtanilaumu mimi. Kamba ni nyepesi, nitaisogeza. Ukuta ni mzito, sitausogeza."

Baba akakuna kichwa. Basi wakakubaliana.

Kesho yake walipanda mlima kukiwa bado na giza. Ukungu ulikuwa mzito. Nyasi zilikuwa na umande wa baridi, baridi kweli.

Mama alibeba chupa ya chai na viazi vya kuchemsha. Baba alibeba mikeka. Edina alibeba kigoda cha Bibi.

Bibi alikuja nyuma yao. Ko. Ko. Ko.

"Ni siku moja tu, mama," Baba alimwambia. "Uone chumba chako."

"Nitakiona," alisema Bibi.

Fundi Mbilinyi alikuwa ameshafika. Alikaa juu ya ndoo, nje ya nyumba ya kamba, akitazama kila mguu.

Baba akainua goti, akavuka kamba, akaingia sebuleni.

"Baba Edina!" fundi akapiga kelele. "Umepita ukutani! Rudi! Pita mlangoni!"

Baba akarudi nje. Akazunguka. Akapita mlangoni.

"Hodi!" alisema.

"Karibu!" alisema Edina, na Mama akacheka mpaka chai ikamwagika.

Mama akaingia jikoni. Akanyoosha mkono kukoroga chungu ambacho hakikuwepo.

"Mama Edina, kiwiko chako kimetoka nje," alisema fundi. "Kimetoboa ukuta."

"Basi jiko ni dogo," alisema Mama.

Fundi akaja na nyundo. Akang'oa kigingi. Ng'oo! Akakisogeza hatua moja. Ko! Ko! Ko! Jiko likawa kubwa.

Edina aliona. Aliona vizuri sana jinsi kigingi kinavyong'oka.

Baba akaenda gerejini. Akasimama katikati. Akashika usukani ambao haukuwepo.

"Vuuum," alisema kwa sauti ndogo. "Vuuum, vuuum."

Alikuwa na furaha. Hata fundi aliyatazama mawingu, asimtie haya.

Bibi akapita mlangoni. Akapita sebuleni. Akapita kwenye korido, mpaka kule nyuma, karibu na stoo.

Akaketi chumbani kwake.

"Chumba kizuri," alisema. Meno yake yaligongana. Ta-ta-ta.

Akatoa milulu yake. Akajaribu kusuka. Vidole vikakataa.

Akajifunika shuka.

Mara jua likachomoza.

Upande wa mashariki jirani alikuwa na mipaina, ile miti mirefu ya mbao. Mipaina ililizuia jua. Sebule ilikuwa na kivuli. Jiko lilikuwa na kivuli. Chumba cha Bibi kilikuwa na kivuli.

Lakini kati ya mipaina palikuwa na pengo moja. Jua likapita hapo. Likashuka, likatua mahali pamoja tu.

Likatua gerejini.

Edina aliliona. Lilikuwa la njano, kama mkeka mpya uliotandikwa.

Akachukua kigoda. Akamshika Bibi mkono.

"Bibi, twende."

"Wapi?"

"Twende tu."

Wakapita kwenye korido. Wakapita sebuleni. Wakatoka mlangoni, wakazunguka, wakaingia gerejini kwa mlango wa gari. Fundi akaitikia kwa kichwa, yaani sawa, hawakuvunja ukuta.

Edina akaweka kigoda kwenye jua. "Kaa, Bibi."

Bibi akakaa. Jua likampiga magotini. Akafumba macho.

"Edina!" alisema Baba. "Mko mbele ya gari!"

"Gari lisimame," alisema Edina.

"Piii! Piii!" Baba akapiga honi kwa mdomo.

Edina akapiga mguu chini. Du!

"Sikubali! Sitaki! Sisogei!"

Baba akaacha usukani. "Hapa ni gereji, mwanangu. Kaeni sebuleni."

"Sebuleni hakuna jua. Jua la Bibi liko hapa."

"Hapa ni pa gari."

"Baba, gari huota jua?"

"Gari halioti jua, Edina."

"Gari lina magoti?"

Baba akafikiri kidogo. "Halina."

"Bibi anayo," alisema Edina.

Mama akageuka, akajifanya anatafuta chumvi.

Bibi akafungua macho. Akashika fimbo yake. "Twende zetu, mjukuu wangu. Tusiharibu nyumba ya watu."

"Siyo ya watu!" alisema Edina. "Ni ya kwetu!"

Akaketi chini. Akakikumbatia kigingi cha gereji kwa mikono miwili.

"Edina, simama," alisema Baba. Sauti yake haikuwa na mchezo tena.

"Sikubali! Sitaki! Sisogei!"

"Nitahesabu mpaka tatu. Moja."

Edina akakumbatia kigingi.

"Mbili."

Edina akakumbatia zaidi. Moyo wake ulidunda. Du-du, du-du.

"Tatu."

Tatu ikafika. Tatu ikapita. Edina alikuwa bado amekaa.

Machozi yalikuwa karibu, lakini alikuwa amekaa.

"Bibi hatahama!" alisema kwa sauti kubwa. "Mkihama, yeye atabaki kule chini na kuku! Kwa sababu mmemweka kwenye baridi!"

Hata fundi aliacha kutafuna kiazi.

Baba akamgeukia Bibi. "Mama? Ni kweli?"

Bibi akatazama milulu yake. "Huyu mtoto nilimwambia asiseme."

"Sikuitikia," alisema Edina.

"Ni kweli hakuitikia," alisema Bibi. Akashusha pumzi. "Na ni kweli ningebaki."

Baba akakaa chini. Akakaa hapo hapo gerejini, kwenye vumbi.

"Mama, unajua kwa nini nataka gari?"

"La kwendea mjini."

"Hapana. Siku ile ulipougua, nilikupeleka hospitali kwa baiskeli. Mvua ilinyesha. Ulitetemeka njia nzima, na mimi sikuwa na cha kukufunika. Nikasema, siku moja nitampakia mama yangu kwenye gari. Ndiyo maana nimelijengea chumba kabla halijaja."

Bibi akamtazama mwanawe kana kwamba ndiyo kwanza amefika.

"Amoni," alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Wakatazamana. Kisha Bibi akaanza kucheka, na Baba naye akacheka, na mipaina ikavuma. Shuuu.

Edina hakuachia kigingi.

"Gari likija," alisema, "nitalifunika blanketi. Lakini Bibi asibaki."

Baba akainuka. Akajikung'uta vumbi. Akamtazama Edina kwa muda.

"Unanipa hicho kigingi?" aliuliza.

"Unakipeleka wapi?"

"Ninakisogeza."

Edina akakiachia. Mikono yake ilikuwa myekundu.

Baba akakishika kigingi mwenyewe. Akakivuta. Akakivuta tena. Ng'oo! Kikatoka.

"Fundi!" aliita. "Lete nyundo!"

Fundi Mbilinyi akaja mbio. Akafuta majivu kwa mguu. Akaishika kamba upande huu, Baba akaishika upande ule.

Ko! Ko! Ko! Gereji ikaondoka.

Vuuu! Chumba cha Bibi kikaja mbele, kwenye pengo la jua.

Shaaa! Nje ya chumba, majivu yakachora baraza ndefu ya kukalia, inayotazama mashariki.

"Na gari?" aliuliza fundi.

Baba akatazama kule nyuma, karibu na stoo. "Gari lilale kule. Lenyewe halisikii baridi."

Alisema hivyo, akameza mate. Lilikuwa gari zuri, na ilimbidi alirudishe nyuma polepole. Edina akamsaidia.

"Njoo, njoo," alisema Edina, akipunga mikono. "Njoo. Simama!"

"Limeingia?" aliuliza Baba.

"Limeingia."

Bibi akasogeza kigoda chake, akakiweka kwenye baraza mpya ya majivu. Akanyoosha miguu.

"Bibi, sasa utahama?" aliuliza Edina.

Bibi akafungua mdomo kujibu. Lakini Edina akaona kitu.

Juu ya goti la Bibi kulikuwa na mstari mweusi. Mstari mwembamba wa kivuli.

Edina akaufuata kwa macho. Ulitoka kwenye kijiti. Kando ya kijiti hicho kulikuwa na kijiti kingine. Na kingine. Na kingine.

"Mama," aliita. "Hivi vijiti ni vya nini?"

"Hiyo ni miparachichi yangu," alisema Mama. "Nimechomeka vijiti mahali pa kupandia."

"Ikikua itafika wapi?"

"Aa, itapita paa!" alisema Mama kwa fahari.

Edina akatazama vijiti. Akatazama jua. Akatazama magoti ya Bibi.

Du!

"Hee!" alisema Mama. "Na mimi tena?"

"Sikubali! Sitaki! Sisogei!"

"Edina, nataka wapita njia waione miparachichi yangu. Waseme, nani kapanda hii? Ni Mama Edina!"

"Wataiona. Lakini Bibi hataliona jua."

Mama akaweka mikono kiunoni. Alimtazama Edina. Edina naye akaweka mikono kiunoni. Walifanana sana.

"Upepo wa hapa unatoka wapi?" aliuliza Mama, akimgeukia fundi.

"Unatoka magharibi," alisema fundi. "Kule nyuma. Mkali kweli."

"Miti ikiwa kule?"

"Itauzuia. Hata mabati yatakushukuru."

Mama akatafakari. Kisha akang'oa kijiti cha kwanza. Ng'oo! Edina akang'oa cha pili. Ng'oo! Wakavipeleka vyote magharibi, wakavichomeka upya.

"Lakini maua ya huku mbele ni yangu," alisema Mama. "Hayo huyagusi."

"Yatakuwa marefu kiasi gani?"

Mama akaonyesha kwa mkono. "Hivi."

Edina akamtazama Bibi alivyokaa. Akapima kwa jicho moja.

"Chini kidogo," alisema.

Mama akashusha mkono.

"Kidogo tena."

"Edina!"

"Hapo. Hapo sawa."

Mama akamrushia ganda la kiazi. Edina akainama, likapita.

Kisha Edina akarudi kwa Bibi. Akasimama mbele yake, lakini pembeni kidogo, asizuie jua.

"Hukunijibu, Bibi. Utahama?"

Bibi alichukua milulu. Akakunja jani la kwanza. Akapitisha la pili juu yake. Vidole vilikubali.

"Nipe jani," alisema.

Edina akampa.

"Nipe jingine. Kikapu hiki nakisuka hapa hapa. Mtu hasuki kikapu mahali asipokaa."

"Yaani ndiyo?"

"Ndiyo. Nahama."

"Anahama!" Edina akapiga kelele. "Bibi anahama!"

Akakimbia kumwambia Baba. Akaruka kamba ya sebule, akaruka kamba ya korido, akaruka kamba ya stoo.

"Pita mlangoni!" fundi akapaza sauti. "Ukutani! Ukutani tena! Hee, huyu mtoto atabomoa nyumba yote!"

Siku hiyo walikaa ndani ya kamba mpaka jioni. Walikula viazi sebuleni. Baba alilala usingizi wa mchana chumbani, na wapita njia wakacheka.

"Mnacheka nini?" alisema Edina kutoka kwenye dirisha la kamba. "Hodi hampigi?"

Wapita njia wakapiga hodi. Wakakaribishwa chai.

Jioni fundi akaizungukia kamba yote kwa macho. Akachukua penseli iliyoota sikioni. Akachora alama moja kwenye kalenda ya Baba.

"Sasa nitachimba," alisema.

Wakashuka bondeni. Bibi alitangulia. Ko, ko, ko, upesi upesi.

Edina akaosha miguu. Akala ugali. Akapanda kitandani.

Bibi naye akapanda. Akavuta blanketi. Taa ikazimwa.

"Edina."

"Bee, Bibi."

"Ule mlango wa chumba changu. Fundi amesema utakuwa na kizingiti kirefu. Mguu wangu hautavuka."

"Kesho nitamwambia Baba," alisema Edina, huku akipiga miayo.

Bibi akafikiri.

"Aa," alisema. "Wewe lala. Hili nitalisema mwenyewe."

Akaketi kitandani. Akachukua fimbo, akagonga ukuta.

"We Amoni!"

"Naam, mama!" aliitika Baba kutoka chumba cha pili.

"Kizingiti cha mlango wangu kishushwe!"

"Sawa, mama! Kitashushwa!"

"Na dirisha liwe chini, nimwone anayepita!"

"Sawa, mama!"

"Na hiyo rangi nyekundu uliyopaka gari, nami naitaka mlangoni kwangu!"

"Nyekundu, mama?"

"Nyekundu!"

Edina akatabasamu kwenye giza. Alitaka kusikia zaidi, lakini macho yalikuwa mazito.

Akalala. Na Bibi alikuwa bado anaongea.